Hayriye Alitikisa Kichwa

Jumanne, 7 Oktoba

Ferda amenipiga marufuku. "Bibi, nakuomba, usinipigie tena Jumanne kuniambia nani ni mtoto wa nani. Na nisipokujibu, usianze kulitafuta jibu katika pumzi yangu."

Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Ana miaka thelathini na mmoja, yuko Istanbul, na ni mmoja wa watu watatu wanaoandika *Ngazi ya Nyuma*, tamthilia ambayo tangu Septemba imewafanya majirani zangu hapa Görükle, mtaa wa Bursa, wapike chakula cha Jumanne mapema. Jina lake hupita mwanzoni, haraka, katikati ya majina ya watu wa taa na wa sauti. Mimi hulisoma kila mara. Nilikuwa msahihishaji wa chapa huko Razgrad, Bulgaria, miaka kumi na sita, kabla sisi Waturuki wa huko hatujafukuzwa kiangazi cha 1989. Kazi iliisha, jicho halikustaafu.

Kwa hiyo nimenunua daftari hili. Ninachokisia nitakiandika humu, nilifunge, niende zangu kulala.

Makisio ya leo: Kenan, kijana aliyelelewa na matajiri wa kiwanda cha hariri, ameambiwa mama yake alikufa njiani, mpakani, kiangazi kilekile cha kwetu. Hakufa. Hilo hata paka angelijua. Swali ni yuko wapi.

Jumanne, 14 Oktoba

Sehemu ya nne. Machozi mengi, habari kidogo. Nimeshona vifungo viwili.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemwona.

Ilikuwa kitu cha sekunde mbili. Kenan anaingia jikoni, anamkuta Bi Hayriye, mtumishi wa nyumba, yule mkimya ambaye tangu sehemu ya kwanza husema amezaliwa papa hapa Bursa. Anamuuliza, "Umekula, Bi Hayriye?" Naye anatikisa kichwa, kushoto, kulia, kidogo tu. Kenan ananyanyua sahani ampakulie. Hapo Bi Hayriye anashtuka, anacheka, anainamisha kichwa mbele kama watu wa huku, anasema, "Nimekula, mwanangu, nimekula."

Mzaliwa wa Bursa akitaka kusema ndiyo, kichwa kinashuka. Akitaka kusema hapana, anainua nyusi na kugonga ulimi; mtikiso nao huku ni hapana. Anayesema ndiyo kwa kutikisa kushoto na kulia amekulia ng'ambo ya mpaka, Bulgaria, alikokulia yule mama anayesemekana amekufa.

Kwa hiyo Hayriye ndiye. Nimeandika, nafunga daftari.

Jumatano, 22 Oktoba

Sikuweza kukaa na jambo hilo hata siku moja. Raziye wa mlango wa pili alileta boreki, andazi la tabaka lililojazwa majani ya liki, nikaweka chai, na kabla glasi ya kwanza haijaisha nilikuwa nimemwambia.

"Dada Nefize!" alipiga kofi pajani. "Umeliona wapi hilo?"

"Kichwani mwake."

"Weye jicho lako lingekuwa la polisi, nusu ya mtaa huu ingekuwa ndani."

Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu daftari ni la ukweli: nilifurahi kusifiwa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kabichi ishirini za achari. Mgongo.

Jumanne, 28 Oktoba

Lodos imeanza, ule upepo wa kusini unaofungua madirisha na kufunga vichwa. Raziye alikuja kabla ya tamthilia ananionyesha simu. Amekwenda kwenye ukurasa wa watazamaji akaandika: *Hayriye ndiye mama. Tazameni kichwa chake, sehemu ya tano. Jirani yangu aliona.* Watu laki tatu wameisoma. Kuna aliyekata kile kipande cha sekunde mbili, kinajirudia, Hayriye anatikisa na kutikisa kama saa ya ukutani.

"Tumekuwa maarufu," alisema.

Nilikuwa najaribu kukumbuka kama nilimwambia asimwambie mtu. Sikumwambia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Ferda alipiga saa nne asubuhi, wakati ambao hapigi kamwe.

"Bibi, huyu Raziye aliyeandika mtandaoni ni Raziye wetu?"

"Mtandao ni mkubwa, mwanangu. Raziye wako wengi."

"Bibi. Picha yake amebeba sinia. Sinia ni yetu."

Ni kweli, ni yetu. Sijarudishiwa tangu Ramadhani.

"Nani alikwambia?" aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Niliona."

Nilisikia king'ora huko kwao, kisha kikapita.

"Ile niliiweka kwa ajili yako," alisema. "Nilimfundisha mwigizaji mimi mwenyewe, tukisimama jikoni mwa studio. Nilijua katika nchi nzima utaiona wewe. Nilidhani utacheka peke yako, utanisubiri nikija uniambie. Sikudhani utaita mtaa."

Nilikaa kwenye kiti cha simu, kile chenye mguu mfupi. Nikamuuliza kama ni kosa kubwa.

Ndipo akanieleza, polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Wanaandika kila sehemu wiki tatu tu kabla haijaonyeshwa, kwa hiyo lolote linaweza kubadilishwa. Hayriye alikuwa afichuliwe mapema Desemba. Sasa mtayarishaji, Bwana Oktay, anasema mtazamaji akishajua atabadilisha chaneli. Anataka mama awe mtu mwingine. Anamtaka Belma, shangazi wa Kenan.

"Belma ana miaka arobaini na tisa!" nilisema. "Kenan ana thelathini na sita!"

"Watampaka mvi."

"Watampaka mvi akiwa amezaa na miaka kumi na mitatu?"

"Bibi, sikiliza. Si hilo tu. Wanasema siri imevuja kutoka mezani petu, sisi waandishi. Tuliokuwa tukijua ni watu watatu. Raziye ameandika anatoka Görükle, na pale kazini kila mtu anajua bibi yangu anaishi Görükle, mimi mwenyewe huwaletea achari yako. Wamenipa mpaka tarehe kumi na nane nieleze. Wakiamini ni mimi, ninaondoka. Na nikiondoka kwa kuvujisha siri hakuna meza nyingine itakayonikaribisha."

"Niongee nao."

"Utawaambia nini? Kwamba uliota?"

"Nitawaambia niliona."

"Hakuna atakayeamini kwamba mtu anaweza kujua mama wa mtu kwa kichwa, Bibi. Ndiyo maana niliipenda."

Akakata simu kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kama angeibamiza.

Ijumaa, 31 Oktoba

Lodos. Imeng'oa bati la paa la duka la mkate.

Jumapili, 2 Novemba

Lodos. Ferda hajapiga.

Jumanne, 4 Novemba

Sehemu ya saba. Shangazi Belma, ambaye kwa wiki sita hakuwa na kazi ila kubadilisha herini, leo amefungua droo akatazama kiatu cha mtoto mchanga, huku akilia. Hicho kiatu hakikuwepo wiki iliyopita. Naona wamekichomeka kati ya maonyesho mawili ya zamani kama mstari uliobandikwa kwenye ukurasa ambao umekwisha pangwa. Wameanza.

Alhamisi, 6 Novemba

Raziye amerudisha sinia. Nilimpokea mlangoni na sikumwambia aingie.

"Umeninunia," alisema.

"Ferda anaweza kufukuzwa kazi."

Alikuwa hajui. Rangi ilimtoka, lakini ulimi wake hutangulia moyo kila mara. "Mimi niliandika nini? Niliandika uongo? Niliandika ukweli! Kwani ukweli nao una mwenyewe?"

"Unaye. Ulikuwa wa Ferda, na siku yake ilikuwa haijafika."

"Basi na wewe usingeniambia."

Nikafunga mlango. Nimeshika sinia hii nusu saa sasa. Ana haki, na ndiyo sababu nimefunga mlango.

Jumapili, 9 Novemba

Leo upepo umetulia, na nimekumbuka kwa utaratibu.

Mwezi wetu wa pili hapa, vuli ya 1989, nilikwenda kiwanda cha nguo kuomba kazi. Tulikuwa wanawake tisa kwenye mstari. Msimamizi alipita na swali moja: "Mashine hii utaiweza?" Alipofika kwangu nilitikisa kichwa kwa nguvu zote, kushoto, kulia, kwa furaha, maana mashine ile niliijua vizuri. Akasema, "Haya, dada, asante kwa ukweli wako," akahamia kwa mwingine. Nilibaki nimesimama nikitabasamu. Nilielewa nilipofika kituo cha basi.

Baada ya hapo nilijifundisha mbele ya kioo cha bafuni, kila asubuhi, mwezi mzima. Kule walikuwa wamenibadilisha jina kwa nguvu, wakaniita Nevena, nikalikataa kimoyomoyo kila siku mpaka tulipoondoka. Huku hakuna aliyenilazimisha chochote. Kichwa nilikibadilisha mwenyewe.

Ferda alikuwa na miaka saba nilipomsimulia habari ya kiwanda. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Bibi, na ukisahau?" Nikamwambia, hutokea nikishtuliwa tu.

Kumbe alikuwa ameihifadhi muda wote huo.

Jumanne, 11 Novemba

Bwana Cevat wa chini, dereva wa lori mstaafu, mwenyeji wa Bursa tangu babu wa babu, alinikamata ngazini.

"Bi Nefize, umeniharibia."

"Nimekuharibia nini?"

"Raha yangu. Wiki zote hizo nilikuwa sijui mama ni nani, nimekaa vizuri kabisa na ujinga wangu. Sasa kila Hayriye akiingia na chai nasema, mama huyo, mama huyo. Hata chai yenyewe sioni tena."

"Nilidhani huangalii tamthilia."

"Siangalii. Nasikia kupitia dari."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamuuliza kuhusu ile mechi ya ubingwa anayoitazama upya kila Mei, tena kwa sauti ya kutikisa sakafu yangu. Matokeo anayajua. Kwa nini hupiga kelele?

Alifikiri sana, mkono kwenye kishikio cha ngazi. "Kwa sababu kila mwaka naogopa safari hii mpira hautaingia."

Nimeandika maneno yake jinsi alivyoyasema.

Alhamisi, 13 Novemba

Zimebaki siku tano. Raziye alibisha hodi, safari hii mikono mitupu.

"Nisikilize, kisha ufunge mlango ukitaka. Usiku sikulala. Mimi nimekuja huku kwa gari-moshi lile lile ulilokujia. Nami nilipokwenda kutafuta kazi ya kupika hospitali waliniuliza kama ni mzima, nikatikisa kichwa, wakanipa kadi ya mgonjwa. Tuliofukuzwa tuko wangapi, dada? Laki tatu? Unadhani katika wote hao ni wewe peke yako uliyemwona Hayriye?"

Nilimtazama. Miaka ishirini nimemwona Raziye kuwa mdomo uliovaa kitambaa.

"Ingia," nilisema.

Ijumaa, 14 Novemba

Raziye amenipiga picha za video jikoni, nyuma yangu pipa la kabichi. Nilitaka kuvaa koti la heshima, akakataa. "Ukivaa koti utaonekana unatoa ushahidi mahakamani. Ongea nami tu."

Nilisimulia habari ya kiwanda. Nilisema mjukuu wangu hakuniambia neno, na hata angeniambia ningekuwa nimechelewa, kwa sababu nilijua mwaka wa 1989. Mwisho nikasema: aliyeiona ile sekunde jioni ileile, kabla ya kusoma popote, na aseme.

Raziye aliirusha. Tulikaa tukitazama simu kama watu wanaosubiri maziwa yachemke.

Jumapili, 16 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Wamejibu elfu nne na zaidi. Mama wa Izmir aliyetikisa kichwa mbele ya msajili wa ndoa, na harusi ikasimama. Mwalimu wa Tekirdağ aliyenyima darasa zima mapumziko kwa sababu walimuuliza kama watoke, akatikisa, wakakaa. Watu wanaandika, "Mimi pia niliona, nikadhani macho yangu yananidanganya." "Niliona, nikaita mke wangu, akasema nimezeeka."

Lakini maneno si ushahidi. Nilivaa miwani, nikafanya kazi niliyolipwa zamani: nikapitia mstari kwa mstari, tarehe kwa tarehe. Raziye alisogeza kwa kidole, mimi nikasoma. Saa tisa alasiri tulimpata. Kinyozi wa Çorlu, jina lake Nazmi, aliandika tarehe 21 Oktoba, saa tatu na dakika arobaini usiku, tamthilia ikiwa bado inaendelea: *Huyu mwanamke si wa Bursa, ni wa kwetu. Huyu ndiye mama.* Waliomsoma walikuwa wanne. Raziye aliandika siku sita baadaye.

"Kinyozi amenitangulia!" Raziye alisema, na nadhani alikasirika kweli.

Tulimpata na wa pili, muuguzi wa Izmir, na wa tatu. Wote jioni ileile, miji mitatu, hakuna aliyemjua mwenzake. Tumepeleka kwa Ferda kurasa zote zikiwa na tarehe zake.

Akajibu neno moja: "Nimepata."

Jumatatu, 17 Novemba

Nimepiga pasi mapazia ambayo hayakuhitaji.

Jumanne, 18 Novemba

Saa nane na robo mchana, simu ya Ferda.

"Bibi, nimebaki."

Nilikaa chini. Sakafuni, kusema kweli. Kiti kilikuwa mbali.

"Bwana Oktay alimsoma yule kinyozi mara mbili," Ferda alisema. "Akaniuliza, hawa watu ni wengi kiasi gani? Nikamwambia, umekaa na mmoja wao meza moja mwaka mzima. Na Belma amerudi kuwa shangazi."

"Na kile kiatu cha mtoto?"

"Kitakuwa cha mbwa wake. Usiulize."

"Sasa mtafanyaje, na watu wote wanajua?"

"Sikwambii."

"Sijauliza."

"Nakusikia unavyouliza." Kisha, kwa sauti nyingine: "Watazamaji wanajua, Bibi. Kenan hajui."

Nje lodos imekatika kabisa. Nimefungua dirisha na hewa ni baridi, safi, ya kutoka mlimani. Kichwa hakiniumi.

Jumanne, 25 Novemba

Theluji ya kwanza kileleni mwa mlima wetu, Uludağ. Sehemu ya kumi. Sikukisia chochote. Nilijizuia.

Jumanne, 2 Desemba

Raziye alikuja na boreki saa moja jioni. Bwana Cevat alikuja saa moja unusu, kavaa tai, akasema televisheni yake imeharibika. Tulipokaa tuliisikia kupitia sakafu, imewashwa.

"Inajirekebisha yenyewe," alisema.

Kwa saa mbili Ferda alitutesa. Kenan amegundua barua, amejua kuwa mama yake aliingia nyumba hii kwa jina lingine. Anawauliza mmoja mmoja. Wa mwisho anamkuta Hayriye kwenye ngazi ya nyuma, kashika kikapu cha nguo. Mwenye nyumba amesimama juu yao mlangoni, anasikiliza.

"Bi Hayriye," Kenan anauliza, "wewe ndiye mama yangu?"

Nilikuwa nikijua jibu tangu Oktoba. Nchi nzima ilikuwa ikijua. Nilidhani atalia, au atasema, au ataanguka. Hayriye alimtazama mwanawe, midomo ikafunguka, sauti isitoke. Na kichwa kikaenda kushoto, kikaenda kulia.

Alikuwa anasema ndiyo. Miaka thelathini na sita alikuwa amekifundisha kile kichwa, na swali lile likamrudisha kwao kwa pigo moja.

Na Kenan, mtoto wa Bursa, akaona hapana. Akainamisha uso. Akasema, "Nisamehe, nimekusumbua," akaanza kushuka ngazi.

"AMESEMA NDIYO!" Bwana Cevat alikuwa amesimama, glasi ya chai imemwagika kwenye tai. "Amesema ndiyo, mpumbavu wewe! Rudi! Unakwenda wapi?"

"Kaa chini, wewe, hakusikii!" Raziye alimvuta koti, naye mwenyewe alikuwa amesimama. Kutoka jengo la ng'ambo, kupitia madirisha yaliyofungwa, nilisikia wengine: rudi, rudi.

Hapo wakaweka matangazo. Dakika tisa za sabuni na benki. Bwana Cevat alitukana kila moja.

Waliporudi, Kenan yuko ngazi ya mwisho, mkono kwenye komeo. Anasimama. Anageuka.

"Siku ile jikoni," anasema, "nilikuuliza kama umekula. Ulitikisa kichwa hivyo hivyo. Na ulikuwa umekula."

Hayriye anaweka kikapu chini.

"Nikuulize tena?"

Hayriye akatikisa kichwa. Kushoto, kulia.

Kenan akapanda ngazi.

Raziye alinishika mkono. Bwana Cevat alijipangusa uso kwa tai yenye chai, kisha akasema kwamba safari hii aliogopa kweli kweli.

Jumatano, 3 Desemba

Ferda: "Daftari lako lilisemaje, Bibi?"

"Lilisema ni Hayriye."

"Basi ulijua kila kitu."

"Nilijua ni nani. Sikujua nitapiga kelele."

"Ulipiga?"

"Bwana Cevat alipiga. Mimi nilisimama."

Alicheka mpaka akakohoa, kama alipokuwa na miaka saba.

"Isingekuwa Raziye," akasema, "yule mtikiso wa ngazini usingeeleweka na mtu yeyote. Ningelazimika kuweka mtu wa kuueleza. Mwambie nimemsamehe. Lakini asiandike."

Nimemwambia. Ameapa. Nampa mpaka Jumapili.

Jumamosi, 27 Desemba

Theluji imeshuka mlimani mpaka kwenye vibaraza vyetu. Basi la Istanbul lilichelewa saa mbili. Ferda alifika amelowa viatu, begi begani, amekonda.

Hatukusema samahani, si yeye, si mimi. Alivua koti, akanusa hewa, akatazama sufuria, akatazama pipa la achari.

Nikamuuliza kama ana njaa.

Akanitazama usoni, kwa makini, akatikisa kichwa. Kushoto, kulia.

Nikampakulia sahani mbili.